Salamu Alizozikata Benedicta

Benedicta Qamara alizaliwa Endamarariek, akasomea uchapaji Arusha, na mwaka 2002 akafungua chumba cha intaneti mjini Karatu. Kompyuta zilikuwa mbili. Laini ya simu ilikuwa moja, na wala haikuwa yake. Aliazima kwa jirani yake Eliapenda, Mchaga mwenye ofisi ya kupeleka watalii Ngorongoro. Saa mbili hadi saa nne asubuhi laini ilikuwa ya Benedicta. Ikifika saa nne, Eliapenda huja kuchomoa waya.

Mlangoni alibandika karatasi: "Picha za aibu hazifunguliwi hapa. Barua ya mtu ni ya mtu." Vijana wakamwita Sista. Mimi ninamheshimu kwa karatasi ile, maana wengi walioleta mashine hizo miaka ile walifungua milango kwa kila uchafu. Lakini siku moja aliivunja sheria yake mwenyewe.

Saa tatu na nusu aliingia Mzee Metui, mfugaji wa Endulen, aliyeteremka alfajiri kwa gari la misheni. Binti yake Sintamei alikuwa Norwei. Alikwenda kwa kozi ya miezi mitatu, na sasa chuo cha uuguzi kilimpa nafasi ya miaka mitatu. Alitakiwa kujibu siku hiyo hiyo, naye aliwatumia misheni ujumbe kwamba hajibu bila neno la baba yake. Alikuwa huko, amekaa mbele ya kompyuta, akingoja.

"Andika, binti yangu," Metui alisema, akiegemeza fimbo ukutani. "Sintamei, hujambo? Mimi sijambo. Mama yako hajambo. Mvua imenyesha, majani yapo. Ng'ombe wako mweusi, niliyekupa ulipokuwa mdogo, amezaa."

"Baba, muda unakwisha. Jibu lako ni lipi?"

"Jibu liko mbele. Bado hatujafika kwa mbuzi."

Benedicta akatazama saa. Mzee alipopita mbuzi na kufika kwenye ruhusa, yeye akaandika maneno mawili tu, "Nakubali. Baki," akatuma. Metui hakujua kusoma. Alipomaliza kutoa ruhusa yake, aliamini yote yamekwenda.

Jibu likaja upesi: "Wewe ni nani? Huyu si baba yangu. Baba hasemi nami kama mtu anayefukuza mbwa. Nisipomsikia yeye mwenyewe, naikataa nafasi na narudi nyumbani."

Benedicta angeweza kumficha mzee. Mzee alikuwa anatazama kioo cha kompyuta kama unavyotazama ukuta. Angeandika upya kimyakimya, na asingejulikana. Lakini Benedicta aligeuza kiti, akasema, "Baba, nimekukosea. Nilikata salamu zako zote."

"Zote?"

"Zote. Hata ng'ombe."

Metui akamkazia macho. "Kwa hiyo umeniingiza kwa mwanangu bila hodi? Na uzee huu!" Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Sintamei, hujambo?"

Safari hii Benedicta aliandika kila neno. Walikuwa bado kwenye majani Eliapenda alipoingia.

"Dada Bene, saa nne! Wazungu wangu wanasubiri nithibitishe vyumba."

"Kaka, nipe muda. Ndiyo kwanza tunaingia kwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani tena?"

"Wa binti yangu," Metui alimwambia. "Amezaa."

Eliapenda alikuwa tayari ameshika waya. "Dume au jike?"

"Jike."

"Hongera, mzee." Akauachia waya, akavuta kiti.

Walipita kwa ng'ombe, wakapita kwa mbuzi, wakafika kwenye ruhusa: "Baki usome, mwanangu. Ndama wako nitakutunzia." Benedicta akatuma. Wote watatu wakakitazama kioo.

"Shikamoo baba," Benedicta akasoma jibu kwa sauti. "Sasa ni wewe. Nimekubali nafasi. Ndama ana rangi gani?"

"Marahaba," Metui aliiambia kompyuta, akapiga goti lake kwa kofi. "Andika, binti yangu. Mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Halafu tumuage."

"Kuaga nako ni kurefu?" Eliapenda aliuliza.

"Kuna majirani wote wa Endulen."

Kesho yake karatasi ya mlangoni ilikuwa na mstari mpya: "Sipunguzi neno la mtu." Ama Eliapenda, siku ile aliuchomoa waya saa nne na nusu, baada ya kuomba salamu zake nazo ziandikwe kwa Sintamei, ambaye hakuwahi kumwona.