Chupa ya Kingamwili na Chungu cha Bibi Yustina

Niliondoka Mwanza kiangazi cha 2014 nikiwa na hasira, na niseme mapema kwamba nilirudi na hasira zaidi. Huko Makere, wilayani Kasulu, msichana aitwaye Odeta alikuwa anaishiwa nguvu za miguu, na majirani walikwisha kumtaja mchawi: bibi yake mwenyewe, Yustina. Sista Konsolata, mwenzangu wa maabara ya Kasulu, alinipigia simu. Baba wa mtoto, Melkiori, amemhamishia mama yake mzazi jikoni, na mavuno yakiisha atamfukuza kabisa. Kipande cha msuli wa Odeta tulikuwa nacho Kasulu. Vile vya kwanza viliharibika njiani kuja Mwanza, kwa hiyo safari hii dawa ndiyo iliyoifuata nyama.

Si dawa ya kunywa. Ni kingamwili, kazi yake kutafuta mayosini ya binadamu, protini inayovuta nyuzi za msuli mpaka mguu unyanyuke. Ikiikuta huing'ang'ania, nasi tunaona rangi ya kahawia chini ya darubini. Isipoikuta, hakuna rangi. Chupa yake ni ndogo kuliko kidole, haitaki joto wala haitaki kuganda.

Kibondo niliingia jioni, vumbi mpaka kwenye kope, barafu niliyoifungia chupa yote imekuwa maji. Bi Zuhura, mwenye duka la soda karibu na stendi, alinionea huruma.

"Lete hicho kichupa nikitie kwenye friza, mwanangu. Kitatulia."

"Kikiganda kimekufa, Bi Zuhura."

"Makubwa! Basi tutakilea kama mtoto mchanga."

Akakifunga kwa kipande cha kanga, barafu ikakaa pembeni bila kukigusa. Gari la kuendelea na safari nilitafutiwa na Mungu na Bi Zuhura. Mradi wetu wa utafiti, uliochukua nyama ya Odeta, ulikuwa umenipa maneno tu.

Kesho yake nilipita Makere bila kusimama. Nilizitazama nyumba zile nikajua sina cha kuwaambia.

Kasulu, Konsolata na mimi tulipaka kingamwili kwenye vioo viwili: kimoja cha msuli wa mtu mzima wa afya, kingine cha Odeta. Cha kwanza kilitoka kahawia safi. Cha Odeta, nyuzi ambazo zingepaswa kushika rangi zilibaki nyeupe. Tulirudia, ikawa vilevile. Mayosini hiyo haikuwemo; mtoto alizaliwa hivyo. Nilimpigia mkuu wa mradi nikidhani atafurahi.

"Soma chupa," akasema. "Imeandikwa ni ya utafiti tu. Majibu ni ya mradi. Usiwaambie kitu."

"Mkuu, kuna mama wa watu analala jikoni."

"Hilo si suala la maabara."

Si suala la maabara! Nyama ya mtoto tuikate, tuipeleke kwenye mikutano, tupigiwe makofi, halafu bibi yake afukuzwe kama mbwa? Nilikata simu. Konsolata alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Njiani kurudi Makere alinieleza jambo moja. Kijijini humo, aliyepika pombe ya ndizi huonja kwanza, wageni waone haina sumu, ndipo nao watie mirija yao chunguni. "Ila kwa Bibi Yustina, kaka, hata anywe nusu ya chungu, hakuna anayetia mrija."

Tuliwakuta wote uani. Bibi alikuwa ametengeneza pombe kwa ajili ya wageni, akaketi nacho chungu chake peke yake, mbali kidogo. Odeta alikuwa ameegemea ukuta. Nilieleza nilichokiona, polepole, Konsolata akirudia kwa Kiha.

"Kwa hiyo ni nani?" Melkiori akauliza.

"Si mtu. Ni ugonjwa wa mwili wake, alizaliwa nao. Umetoka kwako na kwa mama yake, pande zote mbili. Hakuna aliyekosa."

"Kwangu?"

"Na kwangu," mkewe akasema. "Ego, ndiyo. Umesikia."

Melkiori alitazama miguu ya binti yake muda mrefu. Bibi Yustina, kwa mazoea, akachukua mrija wake ili aonje.

"Mama, acha," Melkiori akasema. "Usionje."

Akaweka mrija wake chunguni kabla yake, akanywa.

Bibi alilia kwa sauti. Mimi pia macho yalinijaa machozi, sikuona haya.

Nilirudi Mwanza nikijua kwamba kingamwili haikumponya Odeta, na kwamba jibu lingeweza kubaki kwenye kabati letu mpaka bibi afe porini. Mkuu alinisubiri mlangoni.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya wenye nyama."