Kukataa kwa Kituruki

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mjukuu wangu anaandika Kituruki. Nalisema mwanzo kabisa, ili asiyependa kusikia nikijisifu aachie hapa hapa.

Nilikuwa nimekuja Doha kumtembelea, nikilala chumbani kwake kule mtaa wa Bin Mahmoud, na sweta mwilini kwa ajili ya ile AC, huku nje kunaungua. Yeye alikuwa akikaa mapokezi katika kampuni ya ujenzi ya Waturuki. Miaka mitatu aliwasikiliza, akasoma lugha yao, hadi ikatokea nafasi ya kutafsiri barua za Kiingereza ziwe Kituruki. Alikuwa akiitaka nafasi hiyo kama mtu mwenye kiu. Mama mmoja Mturuki, mkuu wa ofisi, ndiye aliyempima.

Alhamisi akarudi amenyong'onyea. Ameanguka mtihani.

"Umekosea nini?"

"Neno moja tu, shosho."

Ijumaa, siku yake ya kupumzika, akatandaza karatasi mezani, kati ya chapati na chupa ya chai. Yote maneno ya kupinga, Kiingereza mbele, Kituruki nyuma. Akanisomea. Oppose ni kupinga, nao husema karşı çıkmak. Object ni kuweka pingamizi: itiraz etmek. Resist ni kukaza mwili usiburutwe: direnmek. Reject ni kukataa kabisa: reddetmek. Na upinzani wa bungeni ni muhalefet.

"Hao hata kwetu wapo," nikamwambia. "Wanapiga kelele mpaka wapewe kiti."

Nikazipanga zile karatasi kama nilivyokuwa nikipanga pilipili sokoni: hoho mwanzo, zile ndogo za kutoa machozi mwisho. Reddetmek ikakaa mwisho kabisa.

"Haya. Barua ilisemaje?"

"Kampuni imekataa vigae alivyoleta mwenye duka. Vimepasuka. Wameandika reject."

"Nawe ukaandika?"

"Itiraz. Kwamba tuna pingamizi kidogo."

"Hiyo kidogo imetoka wapi?"

"Nimeiongeza. Yule mwenye duka ni mzee, shosho. Ana mvi."

Mkuu wake alikuwa amemwambia: huyo si baba yako, hii ni barua. Jumapili utajaribu tena, mara ya mwisho.

Nilijua aliyemharibu. Nilimlea mimi. Kwetu mkubwa haambiwi hapana. Unamwambia "tutaona," unamwambia "Mungu akipenda," halafu huendi. Akiwa na miaka sita alimwambia mjomba wangu "sitaki," uso kwa uso, nami nikamfinya sikio. Somo lilimwingia vizuri.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Leo utanikatalia mimi."

Akacheka. "Shosho, siwezi."

"Ongeza chapati."

"Baadaye kidogo."

"Umeanguka! Kunywa chai hii, nimetia chumvi."

"Nitajaribu..."

"Wewe! Hata sumu ya panya utainywa kwa adabu."

Tukaenda hivyo hadi chai ikapoa. Ndipo nikaenda panapouma. Kuna kijana wa kanisa letu nyumbani niliyemchagulia awe mumewe. Miaka miwili namuuliza, ananiambia, "Tutaona, shosho."

"Yule kijana," nikasema. "Desemba. Nimeshamwambia mama yake kwamba uko tayari."

Na hilo halikuwa zoezi. Nilikuwa nimemwambia kweli.

Akaweka kikombe chini. Akatazama zile karatasi, akagusa ya mwisho.

"Reddediyorum," akasema. Kisha, akiogopa kwamba sikuelewa: "Nakataa, shosho. Sikumtaka tangu mwanzo."

Niliumia, sitadanganya. "Tutaona" za miaka miwili nimezihesabu zote kuwa ndiyo, mimi niliyemfundisha maana yake!

Alikuwa amekunja mabega, kama anayesubiri kufinywa sikio. Nikamkatia kipande cha chapati yangu.

"Jumapili andika hivyo hivyo," nikamwambia. "Usiongeze kidogo."

Jumapili alipita. Sasa meza yake iko ndani, mbali na mlango, na watu wazima wenye tai husubiri amalize kuandika.

Jumatatu nikampigia simu mama wa yule kijana. Nilianza na mvua, nikapita kwa ng'ombe, nikauliza habari za kwaya. Akauliza kama Desemba bado ipo. Ulimi ulishajikunja kusema tutaona. Nikalimeza neno hilo.

"Amekataa, dada," nikamwambia. "Amekataa kabisa."