Saa ya Sikio la Bibi

Mwezi uliopita nilikata kikuku cha bibi. Nilikibana kwenye vaisi, jiliwa la mezani, kwa vipande viwili vya ngozi ili meno yake yasiikwaruze shaba, nikapitisha msumeno mwembamba bila haraka. Unga wa njano ulipoanza kudondoka juu ya karatasi, ikanijia harufu niliyoisahau tangu utoto: harufu ya shaba iliyopata joto, ile ile iliyokuwa ikitoka mikononi mwa bibi akiwa kwenye jiwe la kusagia.

Kikuku hicho alinipa shangazi, kule Nyarero, na hakukiachia kwa urahisi. Ndicho kilichokuwa cha mwisho. Vingine viligawanywa bibi alipofariki, kisha kimoja kimoja vikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Mura, kijana wangu, kikivunjika usije hapa kuniamkia," aliniambia. "Utakuta nimesafiri."

"Utasafiri kwenda wapi, shangazi?"

"Popote ambapo wewe haupo."

Nilitaka kukigeuza kuwa kasha la saa ya mkononi. Nikueleze, rafiki yangu, jambo hili lilianzia wapi.

Ungekuja nyumbani kwetu asubuhi, ungemsikia bibi kabla ya kumwona. Vikuku vilimjaa kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, na alipokuwa akisaga wimbi viligongana kwa mwendo mmoja, tukajua uji hauko mbali. Masikio yake yalitobolewa na kuvutwa tangu usichana, kama ya wenzake wote wa rika lake, hata ndewe zikaning'inia karibu na mabega. Ndewe moja ilibeba kipande cha mti kilicholainishwa. Nyingine ilibeba kitu chochote ambacho hakutaka kipotee: kikopo cha ugoro, sindano ya magunia, siku nyingine ufunguo wa stoo.

Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, na kuta za chumba chake alizibandika kurasa za magazeti ya nje ili kuzuia vumbi la udongo. Ukurasa mmoja, usawa wa macho yangu, ulikuwa na picha ya saa. Ilikuwa nyembamba, ya mviringo, rangi ya dhahabu, uso mweupe, namba za Kirumi zilizosimama kama miti ya zizi, mishale ya buluu, mkanda wa ngozi nyeusi. Hapakuwa na kitu cha ziada. Nilikwenda pale kila siku kwa kisingizio cha kuokota vipande vya vitambaa, na fundi alinitania kwamba ile saa itaisha kwa kutazamwa.

Nikaamua kuitengeneza. Uso niliukata kwenye kopo la maziwa ya unga, nikausugua kwa mchanga hadi ukang'aa. Mishale ilikuwa miiba, mkanda ulikuwa ngozi ya ng'ombe iliyobaki kwenye ngoma. Namba nilizichora kwa msumari, na pale juu kabisa niliweka sita. Kwangu hapakuwa na njia nyingine. Jua likiwa utosini ni saa sita, kwa hiyo sita inakaa utosini. Mwalimu alipoiona darasani aliinua mkono wangu wote wakaona, akasema saa hii inatembea kwa kichwa. Darasa zima lilicheka. Sikuifuta.

Nilimpelekea bibi. Mkononi hapakuwa na nafasi hata ya uzi, kwa hiyo akaitundika sikioni, akatikisa kichwa kidogo na kusikiliza.

"Haisemi," akasema.

"Ni ya kuangalia tu, bibi."

"Cha kuangalia ninalo jua. Ukitengeneza inayosema, niletee."

Hata hivyo alikwenda nayo mnadani. Wanawake walimzunguka wakimuuliza saa ngapi, naye akawajibu bila kucheka, "Ulizeni jua. Hii ni kazi ya mjukuu wangu."

Alifariki kabla sijajua lolote kuhusu saa zinazosema. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilifungua saa mbovu, nikachora kila gurudumu mahali pake, nikazifunga, nikakosea, nikazifungua tena. Leo nina chumba kidogo hapa Nkende na meza ya kazi dirishani. Mashine ya saa hii niliitoa kwenye saa kuukuu ya kujaza kwa mkono iliyovunjika kioo. Uso na mishale niliiga ile picha ya ukutani: weupe ule ule, namba zile zile za Kirumi, ila sita niliiweka juu kama utotoni. Mishale ya chuma niliipasha moto juu ya bamba la shaba, nikaiondoa mara tu ilipogeuka buluu.

Kasha ndilo lililonitisha. Shaba ya zamani ukiikunja ikiwa baridi hupasuka, na kikuku cha pili hakipo. Nilijifunza kwanza kwenye vipande vya bomba la friji, hadi mkono ukazoea. Kisha nikakipasha kikuku hadi wekundu hafifu, nikakiacha kipoe, nikakikunja kidogo, nikarudia. Karibu na mwisho uliokatwa ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Niliweka koleo chini, nikatoka nje, nikanawa uso. Niliporudi nilikata kipande kile chenye ufa, nikaifanya saa iwe ndogo kidogo kuliko nilivyopanga, nikaendelea. Alama za patasi za mhunzi wa kale zilibaki ubavuni.

Jumapili niliipeleka Nyarero. Shangazi aliitikia shikamoo yangu huku akitazama mikono yangu.

"Kikuku kiko wapi?"

"Ndicho hicho," nikasema, nikimwekea saa kiganjani.

Alipapasa ubavu wa saa hadi kidole kikazipata zile alama. Aliona namba sita juu, akaguna. Kisha akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Inasema," alisema.

Mkono wake ukateremka wenyewe, na saa ndani yake, ukitafuta tundu la ndewe. Halipo. Alishonwa masikio angali binti, vijana wa wakati wake walipoanza kuyaonea haya. Vidole vilisimama pale kwenye kovu, kisha akanirudishia.

"Vaa wewe. Hapa mlango ulishafungwa."

Siku hizi naenda mnadani nikitazama masikio ya wazee, na yale marefu siyaoni tena. Mawe ya kusagia yamegeuzwa ngazi za milango. Fundi cherehani alihama, na chumba chake kilipakwa rangi. Nikitaka kujua saa ninayo simu, kama wewe. Lakini kila asubuhi naijaza ile saa, naiweka kwanza sikioni, ndipo naifunga mkononi.