Mlango wa Kupigiwa Hodi

Watu walimwita Bawaba, na jina alilopewa na mama yake lilisahaulika hata na mkewe. Alikuwa seremala, tena seremala wa milango. Inasemekana, na anayebisha abishe, kwamba siku moja kimbunga kilibeba nyumba ya mtu nzima nzima, kuta, paa na jiko la moto likiwa na sufuria juu yake, kikauacha mlango wa Bawaba umesimama peke yake uwanjani. Mwizi akaja, akausukuma, akakuta umefungwa. Akarudi kwake amenuna.

"Mlango ukifungwa," alipenda kusema, "jirani naye ajue kuwa umefungwa." Na kweli, milango yake ililia ndii! kama ngoma ya mfalme.

Lakini kila mtu ana pake panapomuuma. Bawaba alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao, ndiyo maana wakamwita Kitinda. Aliugua akili. Alianza kwa kukosa usingizi, kisha akasikia sauti zikimsengenya ukutani, mwisho akawa mkali kwa kila mtu isipokuwa kaka yake. Hospitalini dawa zilimtuliza, sauti zikarudi zilikotoka. Ila na yeye alinyamaza. Wodi ile ya zamani ilikuwa na madirisha juu karibu na dari, kama ya ghala, na mlango wa chuma uliofungwa kwa nje. Aliyeufungua hakubisha, aliyeufunga hakuaga. Kila ulipogonga, Kitinda alijikunja kama jongoo aliyeguswa.

Ndipo hospitali ikaamua kujenga nyumba mpya bustanini, za wagonjwa wanaopata nafuu. Msanifu wake alikuwa mwanamke mwenye kalamu iliyopotelea kwenye nywele. Mafundi walimwita Binti Ramani. Huyu kabla ya kuchora mstari alikaa kwenye nyasi na wagonjwa, akawauliza wanataka nini. Mmoja alitaka kuona mti akiwa amelala, kwa hiyo madirisha yakashushwa. Mwingine alitaka kona za korido ziwe pana, mtu asimzukie ghafla. Kitinda, ambaye hata salamu alikuwa haitikii, alisema neno moja tu.

"Hodi."

Binti Ramani akamwangalia. "Unataka watu wakubishie hodi?"

Kitinda akatikisa kichwa kukubali.

Basi kila chumba kikachorewa mlango mwepesi, wa kufungwa na mwenye chumba kwa ndani. Muuguzi alibaki na ufunguo wake kwa siku ya hatari, na mlango ulifungukia nje, ili mtu akianguka nyuma yake asizuie wanaokuja kumsaidia. Kazi akapewa Bawaba. Daktari naye akaweka sharti lake: hakuna atakayebebwa. Kitinda atahamia nyumba mpya kwa miguu yake, na kutoka hapo ndipo arudi nyumbani. Akikataa, atabaki kwenye wodi ya mlango wa chuma.

Milango ya wengine Bawaba aliitengeneza kama ilivyochorwa. Ulipofika wa dada yake, mapenzi yakampanda kichwani. Akatoa mbao za mvule alizozitunza tangu ujana.

"Si umeambiwa mwepesi?" mkewe akamuuliza.

"Mlango mwepesi ni pazia lenye bawaba."

"Basi ramani imesema pazia."

"Ramani haina dada, mke wangu."

Akauchonga maua pembe zote. Ulikuwa mzito hivi kwamba mmoja wa waliouleta, inasemekana, alifika amepungua kimo, na hadi leo suruali zake zinaburuza.

Muuguzi akamleta Kitinda kutazama chumba. Akagusa kitanda. Akainama dirishani, akauona mti, na mdomo wake ukaanza kulegea upande mmoja, kama mtu anayekumbuka jinsi ya kutabasamu. Bawaba hakuweza kujizuia.

"Na sasa tazama, mdogo wangu!" Akaufunga mlango.

Ndii!

Kitinda alianguka chini, mikono masikioni. Ulipofunguliwa tu alitoka mbio, akapita bustanini, akaingia mwenyewe wodi ya zamani, akakaa kuuelekea ukuta.

Bawaba akabaki ameshika kitasa. Binti Ramani hakumgombeza. Alisimama kando yake kwanza, kisha akauliza polepole, "Fundi, ile sauti ulitaka aisikie nani?"

"Mtu yeyote mwenye nia ya kumgusa."

"Na aliyeisikia ni nani?"

Bawaba alichukua bisibisi, akaanza kufungua bawaba moja moja, na skrubu zililia kuliko yeye, ingawa si sana.

Nyumbani mkewe alimkuta akiukata mvule kwa msumeno. "Leo na wewe tukulaze huko?" akasema, kisha akaona macho yake, akaketi akamshikia ubao. Ule mlango ukageuka benchi. Mlango mwingine akautengeneza kwa mbao nyembamba, mwepesi wa kusukumwa na mtoto, na kuzunguka fremu akagongomea vipande vya mpira, ili ukifungwa uguse tu. Mkewe alizunguka nyumba nzima akitafuta kandambili zake za bluu, akaziona kamba tu.

Ulipokwisha, Bawaba alikwenda wodi ya zamani. Muuguzi alikuwa ameshaufungua ule mlango wa chuma, uko wazi kabisa, lakini yeye akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi!"

Wagonjwa wote wakageuka. Neno hilo lilikuwa halijawahi kuingia humo. Kitinda akamtazama kaka yake aliyesimama kwenye mlango wazi akiomba ruhusa, akamtazama sana. Kisha akainuka, akachukua shuka yake, akamfuata.

Kwenye nyumba mpya aliingia peke yake. Akaushika mlango, akauvuta kidogo, akasikiliza. Akauvuta tena. Ukafunga kama jicho linavyofunga.

Bawaba akabaki nje.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Muuguzi akapeleka mkono mfukoni kwenye ufunguo, Bawaba akamzuia.

"Hodi, mdogo wangu."

Kimya. Na hodi ya tatu isipoitikiwa, mwenye adabu huondoka. Bawaba alishusha pumzi, akageuka, akaanza kwenda zake, miguu mizito kuliko mvule.

"Kaka! Una haraka kama umeacha maziwa motoni? Nilikuwa natandika."

Mlango ulikuwa wazi, na Kitinda amesimama kati. "Karibu," akasema.

Aliingia akijifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la mbao, akazidi kujipaka. Kitinda alikuwa anapapasa fremu kwa kidole.

"Hii si kandambili ya wifi?"

"Nyamaza, asije akasikia."

Kitinda akacheka. Kicheko chembamba, chenye kutu ya kukaa bila kutumika, lakini ni chake, si cha kuazima. Kisha akamsukuma kaka yake begani.

"Toka."

"Nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Toka ubishe tena, nilikuwa sijashiba."

Bawaba akatoka, akaketi kwenye benchi lake la mvule lenye maua, akakohoa kama mgeni wa heshima.

"Hodi!"

Kimya. Akasubiri, tabasamu sikio hadi sikio.