Kilichozikwa Matulo

Mpaka leo nikisikia mwalimu akisema utando wa seli ni kama ukuta wa nyumba, damu hunichemka. Hunichemka kwa sababu hayo ndiyo niliyowafundisha wasichana wa sekondari huko Kitale karibu miaka ya themanini yote. Mistari miwili ubaoni, vidoadoa vichache katikati, na pembeni neno "protini". Vidoadoa hivyo vilikuwa na kazi gani? Havikuulizwa kwenye mtihani, kwa hiyo sikujisumbua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiuza vitunguu soko la Chwele, alipata uvimbe kwenye titi. Alipasuliwa katika hospitali moja mjini Bungoma. Daktari akaniita mimi koridoni, akanieleza kwa Kiingereza, msomi kwa msomi, huku mwenye titi lake amekaa kwenye benchi hatua tatu tu kutoka hapo, akitazama midomo yetu. Nami sikuona ubaya wowote. Nilijisikia mtu wa maana.

Alisema kwenye utando wa seli kuna protini zinazoishikanisha na seli jirani, na nyingine zinazopokea amri ya kugawanyika. Saratani inapoendelea, zile za kushikanisha hupungua, basi seli huachana na wenzake, huingia kwenye damu na kwenda kuota mahali pengine. Zile za kupokea amri nazo zikizidi, seli huzaana bila kutumwa na mtu. Huku kwetu hapakuwa na chombo cha kupima protini hizo zenyewe. Lakini mtaalamu wa maabara kule Nairobi angeweza kutazama kwa darubini kama seli za dada bado zimeshikana au zimeanza kutawanyika. Jibu hilo ndilo lingemwambia daktari ampe matibabu gani. Bila jibu hangempa kitu.

Kisha akaniwekea mkononi chupa yenye kipande cha nyama ndani ya fomalini, dawa ya kuizuia isioze, na fomu imebandikwa kwa plasta. Ndivyo mambo yalivyokwenda: hospitali ilikata, jamaa wa mgonjwa wakasafirisha.

Asubuhi iliyofuata nilitakiwa Kitale kusimamia moko, mtihani wa majaribio. Kwa hiyo chupa nikampa baba mdogo, aliyekuwa amekuja kumchukua dada kumrudisha nyumbani Matulo. "Baba, kesho uipeleke kwa basi ya Nairobi. Adresi iko hapo juu. Ni nyama ya dada." Nikaondoka.

Wiki zikapita, barua haikuja. Nikaomba simu katika ofisi ya mwalimu mkuu, nikapiga maabara. Hawajapokea kitu. Wiki moja baadaye nikapiga tena, jibu lile lile. Jumamosi nikashuka Matulo, nikamkuta baba mdogo akipalilia mahindi.

"Baba, ile chupa?"

"Si tulizika."

"Mlizika nini?"

"Hiyo nyama. Tulimwaga hiyo maji ya kunuka, tukaifunga na leso, tukazika hapo kwa migomba. Hata tuliomba. Kitu ya mwili ya mtu ati iende kutupwa Nairobi? Hapana, bana."

Nilijua mila hiyo tangu utotoni. Kidole cha babu kilichokatwa na mashine ya kusaga kilibebwa kutoka Sirisia kikaja kuzikwa nyumbani, na sisi watoto tuliimba. Nilijua, na bado nilimpigia mzee kelele. Nikamwita mjinga mbele ya wajukuu wake. Nikamwambia amemuua dada yangu.

Dada akatoka jikoni, mkono wa upande uliopasuliwa ameubana kifuani.

"Wacha kumtusi mzee. Ni mimi nilimwambia azike."

"Wewe? Kwa nini?"

"Ningejua aje ni ya nini? Mliongea Kizungu na daktari mpaka mkamaliza, ukanipatia tembe za uchungu, ukaenda zako. Watoto ya watu unafundisha kila siku. Mimi ulinifundisha lini?"

Nilimchukia daktari na korido yake. Nilimchukia baba mdogo na jembe lake. Zaidi ya wote nilimchukia dada kwa kusema kweli mbele ya watu. Hasira hiyo ninayo hata sasa, miaka mingi baada ya kumzika yeye mwenyewe, na sijapata wa kumtwika ila mimi.

Siku ile nilivuta kigoda nikaketi, nikamweleza kwa lugha yetu ya nyumbani. Protini zinazoshikana mikono na jirani, zinazosikia amri, seli inayoachia mikono na kwenda zake. Haikuchukua muda. Ningeweza kuyasema yote pale kwenye benchi kabla ya muuguzi kuita mgonjwa mwingine. Dada hakupotea hata mahali pamoja.

"Na zangu?" akauliza. "Zimeachana tayari, ama bado zimeshikana?"

"Sijui."

"Si hiyo ndiyo Nairobi walikuwa waseme?"

"Ndiyo."

Baba mdogo, aliyekuwa amesimama akisikiliza, akachukua jembe lake, akaanza kuelekea kwenye migomba. Dada akamwita.

"Wacha, Baba. Saa hii imeoza."