Mbuta Mkata Nyavu

Owiti alifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari msingi nje kidogo ya Kisian, na kwa kuwa ndiye pekee aliyejua kuwasha projekta, alikabidhiwa pia usalama wa mtandao. Aliupokea wadhifa huo kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akiungojea. Ukutani alibandika tangazo aliloliandika mwenyewe: USIMWAMBIE MTU NYWILA YAKO, HATA MAMA. Akina mama walilalamika kidogo.

Katika tableti za shule mlikuwa na kisanduku ambamo mwanafunzi angeweza kumwandikia mwalimu jambo la siri. Kilifunguliwa kwa nywila ya Owiti peke yake. Nywila yenyewe ilikuwa mbutamkatanyavu.

Asiyetoka huku aelezwe. Kwenye sherehe zetu, mtu mwenye kujiheshimu husimamisha muziki, hushika maikrofoni na kujisifu. Huo ndio pakruok. Kila mmoja ana jina lake la kujisifia, na la mwenzako huligusi. Heri umwibie kuku. Owiti alikuwa Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, Mkata Nyavu, tangu chuoni, na hakuna harusi kati ya Kisian na Luanda Kotieno ambayo haikuarifiwa hivyo. Kwa hesabu yake, hapakuwa na siri salama kuliko hiyo: wote wanaijua, na hakuna anayethubutu kuitumia.

Hesabu ilikuwa nzuri. Ilisahau gredi ya nane tu.

Debra wa gredi hiyo alikuwa akichelewa. Owiti alipomwuliza mbele ya wenzake, alitazama sakafu. Baadaye akaandika kwenye kisanduku: ana sketi moja, huifua jioni, na mvua ikinyesha huwa haijakauka asubuhi, basi hungoja. Aliomba asiambiwe mtu. Owiti alimjibu kwamba siri yake iko mahali salama, na aliamini hivyo kabisa.

Haukupita muda. Wakati wa mapumziko, Griffins wa gredi hiyohiyo alipaza sauti kwenye foleni ya uji.

"Debra! Sketi imekauka ama tukuletee pasi?"

"Mwache bana," akadakia mwingine, "bado iko kwa kamba."

Debra aliweka kikombe chini akaenda nyumbani. Kesho yake hakuja, wala wiki iliyofuata.

Owiti alimwita Griffins ofisini.

"Ulifunguaje?"

"Na pasiwadi, mwalimu."

"Nani alikupa?"

"Wewe. Kwa harusi ya Madam Akello. Na ukarudia, ndio watu wa nyuma wasikie."

"Lakini hilo ni jina langu! Mtu hatumii jina la mwenzake!"

Griffins alishtuka kikweli, kama aliyesingiziwa wizi. "Mimi siwezi kulitamka, mwalimu. Baba angenichapa. Niliandika tu."

Owiti, aliyesomea hisabati, alitafuta kosa katika hoja hiyo akalikosa. Alimwamuru Griffins aombe msamaha mbele ya foleni ileile ya uji. Kisha akabadilisha nywila na kushika njia ya kwa akina Debra.

Mama Debra alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani. Alimkaribisha mgeni kwa kiti cha plastiki na kumwita bintiye. Debra alisimama mlangoni, hakutoka.

"Kosa ni langu," Owiti alisema. "Si la mtandao."

"Uliniambia iko salama."

"Nilidhani."

"Pasiwadi ulikuwa unaisema kwa spika, mwalimu."

Mama alicheka bila kuinua macho. "Bwana Mwalimu, hata hawa kuku wanajua wewe ni Mbuta."

Kuku hawakukanusha. Owiti alieleza kwamba sasa ameweka nywila mpya kabisa, ya akili, yenye tarakimu ndani yake, ambayo hata mtu aliyesoma hawezi kuiotea. Alipofika hapo kifua kilikuwa kimeanza kumpanda, na mkono wa kulia umejikunja kana kwamba umeshika maikrofoni.

"Ehe?" Mama Debra aligeuka, omena mkononi. "Umeweka gani, Mbuta?"

Owiti alifungua kinywa.

Debra alimtazama tu, kutoka mlangoni. Kuku mmoja alipita kati yao. Ilikuwa nywila nzuri sana, na Owiti alionekana kuumia kuificha.

Akafunga kinywa.

"Sisemi, Mama," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo hakuna harusi iliyowahi kuisikia.

Debra aliangalia mawingu upande wa ziwa.

"Jumatatu nitakuja," alisema. "Ikikauka."