Fundi rangi agoma kufuta alama ya babu yake gerezani

Saa mbili asubuhi, ndoo ya chokaa iko mlangoni mwa chumba namba kumi na mbili cha gereza la kale. Fundi rangi amekaa ndani, kwenye kigoda cha mama yake, mikono mapajani. Hapaki. Nje, msimamizi anatazama saa kwa mara ya tatu.

"Fundi, mwisho wa mwezi wageni wanafika. Kuta nyeupe, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kabla sijajua, bosi. Huu ukuta siugusi."

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu amepaka shule, zahanati na nyumba za watu, hadi bega la kulia likachoka kabisa. Mtaani wanamwita Mama Brashi. Hajawahi kukataa kazi. Alipopewa hii ya gereza, ambalo sasa watu hulitembelea na kupiga picha, alifurahi: vyumba ishirini na sita, mwezi mzima wa kazi.

Agizo lilikuwa jepesi: kila kilichochorwa ukutani na wafungwa kifunikwe. "Uchafu wa wafungwa," msimamizi aliuita. Uchafu! Watu wamevunjishwa mawe na minyororo miguuni, wengine wamefia humo humo, kilichobaki chao ni mikwaruzo ya msumari, halafu mtu aliyeamka na kunywa chai yake anaita uchafu.

Jumapili iliyopita fundi alimleta mama yake, mwenye miaka sabini na minane, aone mahali alipofia baba yake. Baba huyo alikamatwa enzi za mkoloni kwa kukataa kulima barabara bila malipo. Aliacha watoto wanne, na wa tano tumboni. Wa tano ndiye mama huyu. Nyumbani kilibaki kigoda alichokichonga, na bintiye hapendi kukalia kingine. Hata safarini hubebewa.

"Ndugu za baba walikuwa wakiniambia, wewe baba yako hata hakujua kama upo," anasimulia mama. "Nimekua na hilo neno. Linauma, acha tu."

Walipofika chumba cha kumi na mbili miguu ilimchosha, akawekewa kigoda. Alipoketi, macho yake yakakutana na alama ukutani, chini kabisa: chanuo.

"Nikamwambia, mwanangu, ninyanyue! Geuza hicho kigoda!"

Chini ya kigoda kuna chanuo lile lile, alama ya babu, meno manne kwa watoto wanne. Ukutani meno ni matano. La tano limechongwa kwa nguvu kuliko mengine.

"Ni mimi huyo," anasema mama, akilia na kucheka. "Nani alimpelekea habari, sijui. Lakini alijua!"

Msimamizi alipoelezwa, alijibu kuwa mchoro ni mchoro, na kama fundi hataki ataletwa mwingine.

"Amlete," anasema fundi. "Atanikuta nimekaa hapa. Kwani atanipaka na mimi?"

Ila hasira inayomnyima usingizi ni juu yake mwenyewe. Anaonyesha vyumba kumi na kimoja vilivyokwisha, vyeupe pe.

"Mle kulikuwa na majina, mistari, vinyumba vya kuchora. Nikavifunika vyote huku naimba. Naimba, mwandishi!"

Anafungua mkoba na kutoa kikwangulio kipya. Kesho anaanza na chumba cha kwanza, kubandua chokaa yake mwenyewe, taratibu, waruhusu wasiruhusu.

"Kuna mtu mahali fulani bado anaambiwa baba yake hakujua kama yupo."